Uzi: Swali la "utafanya nini kwanza" linavyotuangusha kwenye mtihani wa Baraza

Nesi_wa_Kondele (mwanzisha uzi), Jumapili saa 3 usiku

Wadau, hamjambo. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi ya leo, nikalala kidogo, nikaamka na jambo ambalo nisipoliandika halitaniacha.

Kuna vijana watano ninaosoma nao hapa Kisumu kila Jumapili mchana, si mbali na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Wanajiandaa kwa mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi. Ni vijana wanaojua. Waulize kifafa cha mimba ni nini, watakueleza mpaka chai ipoe. Lakini leo niliwawekea swali lenye majibu manne, yote ya kweli, nikauliza lipi linatangulia. Watatu wakachagua "nitamwita daktari".

Kumwita daktari si kosa. Kosa ni kumwacha mgonjwa na kile kinachomuua ukaenda kutafuta simu.

Swali lenyewe lilitoka kwenye usiku wangu mmoja wa miaka ya nyuma, hospitali sitaitaja. Nilikuwa mgeni leba, wodi ya kujifungulia. Mama wa mimba ya kwanza, presha 170 kwa 115, ameanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, mchana. Wakati wa kukabidhiana zamu nikaambiwa, "Dozi ya saa nane mpe tu, huyo yuko sawa." Kwenye chati pumzi zake zimeandikwa 18, 18, 18, mstari mzima. Saa nane ikafika, nikavuta gramu 5, nikaenda kitandani. Nikagonga goti. Mguu haukuruka. Nikagonga la pili, kimya. Nikaweka sindano kwenye trei, nikashika saa, nikahesabu pumzi dakika nzima, siyo nusu dakika mara mbili. Zilikuwa 11. Nikainama kutazama mfuko wa mkojo: mililita 60 kwa saa 4.

Yule mama alikuwa anazama mbele yangu akiwa ametulia kabisa, na dawa ya kumzamisha zaidi nilikuwa nayo mkononi.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni kuizuia magnesiamu. Kama inaingia kwa dripu, unaifunga. Kama ni ya msulini, ile dozi haitolewi. Hapo hapo unapaza sauti ya kuomba msaada, unafungua njia ya hewa, unaweka oksijeni, na unatoa kalsiamu glukonati, dawa inayoipinga magnesiamu, gramu 1, yaani mililita 10 za ile ya asilimia 10, mshipani, polepole. Ya kwetu usiku ule ilikuwa kwenye kabati lililofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa jengo lingine. Nilimshikilia yule mama kidevu na barakoa ya oksijeni mpaka ufunguo ukaja, na sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Alipona. Mtoto akatolewa kwa upasuaji asubuhi, wakaenda nyumbani wote wawili. Tangu usiku ule kalsiamu yangu inakaa kwenye trei ileile ya magnesiamu, na siingii zamu kabla ya kuiona kwa macho.

Sasa sababu, maana bila sababu utakariri namba na kuzisahau. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukipungua, dawa inajilimbikiza. Ikizidi, kitu cha kwanza kupotea ni goti kuruka, pumzi zinafuata, moyo ni wa mwisho. Ndiyo maana kabla ya kila dozi tunaangalia vitu vitatu: goti linaruka, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Goti ni kengele. Ukisubiri pumzi ndizo zikuambie, umechelewa hatua nzima.

Na hesabu yake, kwa sababu huulizwa. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 mshipani na gramu 10 msulini, 5 kila tako, jumla 14. Ampuli zetu nyingi ni za asilimia 50, kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Huwezi kuisukuma hivyo mshipani. Unaongeza maji ya sindano mililita 12 upate mililita 20 za asilimia 20, unaitoa polepole, si chini ya dakika 5. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, ukibadilisha tako, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililo la baadaye.

Leteni maswali yenu ya "kwanza" hapa. Kila mtu alete moja aliloliona kwa macho, siyo la kwenye karatasi.

---

Bondeni_Wodi_ya_Watoto, Jumapili saa 4 usiku

Asante sana dada. Niko Nakuru, wodi ya watoto. Langu ni la damu.

Mtoto wa miaka 3, damu imeshuka sana kwa malaria, ametoka nayo upande wa ziwani walikokwenda likizo. Anaongezwa damu. Dakika ya kumi anaanza kutetemeka, analia mgongo, joto limepanda. Majibu: mpe dawa ya homa, punguza kasi ya damu, simamisha damu, mwite daktari.

Wanafunzi wangu wengi husema "punguza kasi". Nadhani ni huruma, maana wanajua damu ilivyotafutwa kwa shida na baba yake alivyozunguka. Lakini kama ile damu si ya kundi lake, kila tone linaloingia linamdhuru. Unasimamisha kabisa. Halafu, na hapa ndipo karatasi hutega mara ya pili, usisukume salini (maji ya chumvi) kwenye mrija uleule, kwa sababu utamwingizia damu iliyobaki ndani ya mrija. Unabadilisha mrija wote kutoka kwenye branula, kile kijisindano cha plastiki kinachokaa mshipani, unaweka mpya wenye salini ili mshipa usizibe. Kisha joto, mapigo, pumzi, presha, daktari, unalinganisha tena jina na namba ya mfuko na za mtoto, mfuko pamoja na mrija wake unarudi maabara, na sampuli mpya ya damu na mkojo.

Ndiyo maana pia tunakaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo. Kukaa, si kupita pita. Na damu ikishatoka kwenye friji ianze ndani ya dakika 30, iishe ndani ya saa 4. Pamoja nayo ni salini peke yake. Dekstrosi, yaani maji ya sukari, hupasua chembe za damu, na maji ya Ringa yana kalsiamu inayogandisha.

---

Mwanafunzi_Lurambi, Jumapili saa 4 na nusu usiku

Shikamooni walimu wangu. Niko Kakamega. Mara ya kwanza nilikaa mtihani sikupita, sasa najiandaa tena. Kilichoniangusha ni hesabu. Nikiona mililita na matone, kichwa kinajifunga. Tafadhali naombeni msaada, ya dripu na ya dawa za watoto.

---

Mzee_wa_Dozi, Jumapili saa 5 usiku

Marahaba binti. Usivunjike moyo, hesabu za wodi ni mbili tatu tu zinazobadilishiwa nguo.

Dripu: mililita zidisha kwa matone ya mrija, gawanya kwa dakika. Dakika, siyo saa. Lita moja kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20 ni 20,000, saa 8 ni dakika 480, unapata 41 na ushei, unaandika 42. Tone halikatwi. Ukipata jibu la 2500 jua umegawanya kwa saa. Kabla ya kuandika, jiulize kama macho yako yanaweza kuhesabu matone hayo kwa dakika.

Sasa ya watoto. Mimi nimefanya kazi Busia miaka mingi na huko malaria kali ni kazi ya kila siku, kwa hiyo nitakupa artesuneti, sindano ya malaria kali. Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 na kuendelea, 2.4 kwa kila kilo. Weka hapa watoto wawili, mmoja kilo 18, mwingine kilo 20. Wa 18 anapata miligramu 54. Wa 20 anapata 48. Mkubwa anapata kidogo kuliko mdogo! Mwanafunzi akiona hivyo anadhani amekosea, anafuta jibu sahihi na kuandika la uongo. Usifute. Mwili wa mtoto mdogo huondoa dawa hiyo haraka zaidi, ndiyo sababu kipimo chake kwa kilo kiliongezwa.

Saa za kutoa: anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Hata akiamka na kuomba uji baada ya dozi ya kwanza, zile tatu za mwanzo lazima zitimie, kisha amalizie vidonge vya siku 3. Swali la vidonge hupendwa sana.

Na mtoto huyo akianza degedege, usikimbilie diazepamu, dawa ya kukata degedege. Mlaze ubavu, njia ya hewa, oksijeni, na pima sukari. Malaria kali hula sukari ya mtoto. Ikiwa chini, ni dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Huna ya 10? Chukua ya 50, sehemu moja, ongeza maji ya sindano sehemu nne. Degedege likivuka dakika 5 ndipo diazepamu.

---

Pitisha_254, Jumatatu saa 1 asubuhi

Wakuu, nawaheshimu, lakini mnawapa watoto wa watu mzigo. Mimi nilichukua karatasi za miaka iliyopita, nikakariri maswali na majibu, nikapita mara moja. Mtihani ni mtihani. Kazi mtu atajifunzia kazini.

---

Nesi_wa_Kondele, Jumatatu saa 2 asubuhi

Ndugu yangu, karatasi za zamani hata sisi tunazipitia. Zinakuonyesha jinsi swali linavyoulizwa na zinakuzoesha muda. Sina ugomvi nazo.

Ila yule mama wangu hakuwa kwenye karatasi yoyote. Aliyeandika 18, 18, 18 alikuwa na leseni, alipita, na alijua kwamba jibu la "pumzi za kawaida" ni 18. Ndicho alichokariri na ndicho alichoandika. Nimekuwa nikikumbuka mwandiko wake miaka yote hii. Kwa hiyo ukiniambia mtu atajifunzia kazini, nauliza: kwa mgonjwa wa nani?

---

Mkunga_Mbale, Jumatatu saa 7 mchana

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Naomba kubishana kidogo, kwa upendo.

Leba hakuna "kwanza" moja. Mama akianza kumwaga damu baada ya kujifungua, kwetu mmoja anakanda tumbo, mwingine anavuta oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, wa tatu anaweka branula. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Walitandika chini ya mama plastiki yenye mfuko wa kupimia damu, na damu ikifika kiwango wakafanya yote kwa pamoja: kukanda, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), maji ya mshipani, kumkagua mama na kuita wakubwa. Visa vya kuvuja damu kwa hatari vilipungua kwa asilimia 60. Siri ilikuwa hiyo ya kutosubiri moja ishindwe ndipo ujaribu nyingine, na kutopima damu kwa macho. Macho hudanganya. Damu iliyonyonywa na shuka na kanga hakuna anayeijua.

Sasa mwanafunzi aliyeyaona haya anaingia kwenye mtihani anaambiwa achague moja. Anachanganyikiwa, na simlaumu.

---

Nesi_wa_Kondele, Jumatatu saa 8 mchana

Mkunga, umenishika pazuri. Ninavyowaambia vijana wangu ni hivi: mtihani unakuuliza wewe ukiwa peke yako, una mikono miwili. Mikono hiyo iende wapi wakati mdomo unaita wenzako? Mfuko wa uzazi ukiwa laini kama unga uliolegea, mikono inakanda. Hakuna kifaa cha kutafuta, hakuna amri ya kusubiri.

Lakini kuna mtego. Ukigusa tumbo ukakuta mfuko mgumu, ila umepanda juu ya kitovu na umeegemea kulia, hapo shida ni kibofu kilichojaa. Mpeleke akojoe au weka katheta, mrija wa kutoa mkojo. Nimeona watu wakimkanda mama wa namna hiyo mpaka analia.

---

Mkunga_Mbale, Jumatatu saa 9 alasiri

Kweli. Na ukikuta mgumu, uko katikati, lakini damu bado inatiririka, tafuta mchaniko. Traneksamiki ni gramu 1 polepole kwa dakika 10, na iwe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Na ewe uliye huko Kisumu kwenye joto, oksitosini ikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Iliyoshinda juu ya meza siku nzima inaweza kukuangusha saa unayoihitaji.

---

Bondeni_Wodi_ya_Watoto, Jumatatu saa 2 usiku

Naomba niongeze jambo ambalo sijaona likisemwa. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza cha kitabu, lakini mgonjwa hasemi hivyo. Mama wa mimba hakwambii maneno ya kitabu, anakwambia "naona vimulimuli", "kichwa kinapasuka", "naumwa hapa kwenye chembe ya moyo" huku ameweka ngumi chini ya mbavu. Hizo tatu pamoja na presha ni taarifa ya degedege linalokuja. Niliwahi kuona mama ameambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya kutuliza asidi, kwa sababu aliyempokea alisikia "tumbo" akaishia hapo.

"Mtoto hachezi tangu jana" kwa mama mjamzito si malalamiko ya kawaida. "Mifupa inamkata" kwa mtoto wa upande wa magharibi mwenye macho ya njano, fikiria selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na usimwambie mama anamdekeza; anahitaji dawa kali ya maumivu, maji na joto, mapema. "Moyo unaenda mbio nikipanda kilima" kwa mama aliyejifungua mwezi uliopita, mpime, usimpe vidonge vya damu tu ukamrudisha.

Mimi nilikuwa na daftari la kurasa mbili mbili. Kushoto maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, kulia yale ya kitabu. Nilipoingia kwenye chumba cha mtihani nilikuwa nasoma swali, nasikia sauti ya mtu niliyemhudumia. Daftari hilo lilinisaidia kuliko vitabu viwili vizito.

---

Mwanafunzi_Lurambi, Jumatatu saa 3 usiku

Walimu, nimezifanya za matone kumi, nimekosa moja tu. Ile ya kilo 18 na 20 nimewaonyesha wenzangu wote hapa, wote walifuta jibu. Naomba swali moja la kunipima, la kuchagua mgonjwa wa kwanza.

---

Nesi_wa_Kondele, Jumatatu saa 3 na nusu usiku

Hongera mdogo wangu. Haya. Umeingia zamu, una wagonjwa wanne. Mzee wa kisukari, sukari 14, anangoja insulini ya jioni. Kijana wa bodaboda aliyefungwa plasta mguuni jana, amepewa dawa ya maumivu saa moja iliyopita lakini anasema yanazidi, na vidole vinakufa ganzi. Mama wa siku ya pili baada ya upasuaji, anaomba dawa ya maumivu. Mtoto wa nimonia, joto 38.6, ananyonya vizuri. Unaanza na nani?

---

Mwanafunzi_Lurambi, Jumatatu saa 3:40 usiku

Nimeanza na mtoto, kwa sababu ya pumzi. Njia ya hewa, pumzi, halafu mzunguko wa damu.

---

Nesi_wa_Kondele, Jumatatu saa 4 usiku

Mpangilio huo ni sahihi, ila soma mgonjwa, usisome jina la ugonjwa. Mtoto anayenyonya vizuri anaweza kupumua na kumeza kwa wakati mmoja. Ana nguvu za kukungoja dakika kumi. Homa yake tulitarajia. Sukari 14 na maumivu ya upasuaji pia tulitarajia.

Kijana ndiye ambaye hali yake haiendi inakotakiwa kwenda. Maumivu yaliyoizidi dawa, yanayopanda badala ya kushuka, pamoja na ganzi: ndani ya ile plasta misuli inavimba na haina pa kwenda, damu inabanwa. Ukisubiri vidole viwe baridi na mapigo ya mguu yapotee, umesubiri mno. Nenda kwake. Mwambie akunje na kunyoosha vidole, kisha vinyooshe wewe mwenyewe. Akipiga kelele unapovinyoosha, huna haja ya ushahidi zaidi. Mwite daktari wa mifupa mara moja, na vifaa vya kupasua plasta viwe tayari pale kitandani.

---

Mwanafunzi_Lurambi, Jumatatu saa 4:10 usiku

Na mguu si nauinua juu ya mito miwili ili uvimbe upungue? Tulifundishwa kuinua.

---

Nesi_wa_Kondele, Jumatatu saa 4:15 usiku

Siku ya kwanza ya plasta, ndiyo, unauinua. Ukishashuku hali hii, hapana. Ukiupandisha juu ya moyo, damu kidogo inayofika itapungua zaidi. Toa mito, uweke usawa wa moyo. Barafu pia usiweke.

---

Mwanafunzi_Lurambi, Jumatatu saa 4:20 usiku

Nimeandika kwenye daftari, kushoto "maumivu yanazidi hata nimekunywa dawa". Kesho nina wodi ya mifupa, na kuna wawili wenye plasta ya jana.